Faili la Koplo Kasanda

Bi Nyamizi, mjane wa Koplo Kasanda, alikuwa haoni vizuri, na hospitali ya jeshi ilikataa kumtibu macho mpaka alete nakala ya kumbukumbu za utumishi wa mumewe. Akaenda kwa Meja Songoro, mkuu wa masijala.

"Faili limepotea, mama," Meja alisema bila kuinua kichwa. "Ila mafaili yetu yana tabia moja. Yakisikia harufu ya mbuzi choma hujitokeza yenyewe."

Bi Nyamizi akashukuru, akainuka. Mlangoni akageuka.

"Afande, sasa bila faili, ile bunduki nimrudishie nani?"

Meja akaweka kalamu chini. "Bunduki gani?"

"Kuna kitu kirefu, kizito, kiko uvunguni mwa kitanda cha marehemu. Maadamu nyie hamna habari nacho, nitamuuzia jirani. Ananisumbua kila siku."

Meja alifoka hadi karani akaangusha kikombe. Faili likaletwa kabla chai haijakauka sakafuni. Meja akalipekua huku jasho likimtoka, halafu akashusha pumzi.

"Hapa imeandikwa alirudisha bunduki siku aliyostaafu. Mtunza ghala alitia sahihi."

"Basi ndilo faili lenyewe hilo. Nitolee nakala, baba."

Karani alikuwa amesimama pale pale, anatazama. Meja akatoa nakala, akagonga muhuri kwa hasira.

"Na hicho kilichoko uvunguni?"

"Nadhani ni mchi wa kinu, afande. Nikishatibiwa macho nitakuambia kwa uhakika."