Msumari Katika Fimbo ya Upinde

Mtu mmoja alikuwa na shamba kando ya mto na mikono mifupi. Jina lake lilikuwa Munyoki. Shamba lile aliachiwa na baba yake. Upana wake haukuzidi hatua hamsini, lakini udongo wake ulikuwa mweusi na wenye maji mwaka mzima, hata viazi vitamu alivyochimba humo mwezi wa Septemba, wakati wa vumbi, viliwalisha watoto wake watano mpaka mvua iliporudi. Hakuwa na shamba jingine la kutegemea.

Mashamba yote ya ukingoni yalikuwa na adui mmoja, naye ni nguruwe pori. Walivuka mto alfajiri, wakala, na walichoshindwa kukila wakakifukua. Kijiji kilikuwa na upinde mmoja mkubwa wa kuwindia, wenye nguvu ya kumwangusha dume, na kila mwenye shamba ukingoni aliushika kwa zamu, akalinda kwa niaba ya wote. Kwa kuwa mlinzi asiyejua kulenga huwaponza wenzake, sharti liliwekwa: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Agosti, walinzi wote hupiga mishale mitatu mbele ya watu, na anayekosa yote mitatu huondolewa ukingoni, shamba lake likapewa mwingine. Sharti lilikuwa kali. Lakini watu walilikubali, maana wote walipiga kwa upinde ule ule.

Upinde wenyewe ulikuwa na kasoro moja. Kila mshale ulipochomoka, ulitikisika mkononi na kulalia upande. Mwaka 1972 mishale iliyopotea vichakani ilikuwa mingi kuliko ile iliyompata nguruwe. Ndipo mhunzi wa kijiji, aliyeitwa Kilonzi, aliposema kwamba dawa yake ni fimbo ya chuma yenye uzito kwenye ncha, ifungwayo mbele ya upinde ili kuutuliza. Kila nyumba ikampelekea debe moja la mbaazi, na siku ya Jumamosi, tarehe 9 Juni 1973, akawaita waje wachague.

Kilonzi alitandika gunia chini na kupanga juu yake fimbo tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi na nyepesi. Ya pili ilikuwa ndefu, nene, iliyosuguliwa kwa majivu hata ikang'aa. Ya tatu haikuyapendeza macho: bomba dogo lililoingizwa ndani ya bomba kubwa, likashikwa kwa skrubu yenye masikio mawili. Ukiilegeza skrubu, fimbo hurefuka au hufupika upendavyo. Ukiikaza, hubaki pale pale ulipoiweka.

Mwenyekiti wa walinzi alikuwa Nzangi, mtu mrefu, ambaye mikono yake ilikaribia magoti. Alikuwa hodari wa kulenga, na hakuna aliyembishia hilo. Akaiinua ile fimbo ndefu. "Hii ndiyo fimbo," akasema. "Ile nyingine ni pampu ya baiskeli."

Watu wakacheka. Munyoki alicheka pamoja nao, kisha akasema, "Pampu ni kitu chema, mwenyekiti. Kila mtu hujaza upepo unaotosha gurudumu lake." Wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Munyoki akaendelea kwa utulivu, akieleza kwamba mikono ya watu haikukatwa kwa msumeno mmoja; kwamba fimbo iliyo ndefu kupita mkono huuvuta upinde chini, na iliyo fupi mno haitulizi chochote. Wakainua mikono kupiga kura, mirefu kwa mifupi, na fimbo ya mabomba ikachaguliwa kwa mikono kumi na tisa dhidi ya minne.

Kwa wiki tatu kijiji kiliishi kwa amani na fimbo ile. Kila mtu, zamu yake ilipofika, alilegeza skrubu, akapima, akakaza. Ili wasipime upya kila mara, kila mmoja alikwaruza alama yake juu ya bomba dogo kwa ncha ya kisu. Fimbo ilikuwa ndefu zaidi ilipowekwa kwenye alama ya Nzangi. Ilikuwa fupi zaidi kwenye alama ya Munyoki, naye katika zamu yake ya kwanza aliangusha nguruwe wawili.

Kisha, siku ya Jumatatu, tarehe 2 Julai 1973, Nzangi, ambaye kwa cheo chake ndiye aliyetunza upinde, aliichukua fimbo peke yake mpaka kwa mhunzi. Hakuita mkutano. Alisema skrubu itapotea; alisema watu wanapoteza muda kwa kurefusha na kufupisha; alisema kijiji chenye heshima kina kipimo kimoja. Akaagiza msumari upitishwe katika mabomba yote mawili, upondwe kichwa pande zote mbili, usitoke tena.

Mhunzi aliuliza neno moja tu: "Kwa urefu gani, mzee?"

"Urefu wake wa kawaida," akajibu Nzangi, akaweka kidole juu ya alama yake mwenyewe.

Na Kilonzi, aliyeitengeneza fimbo ile kwa akili yake mwenyewe ili irefuke na kufupika, aliinamisha macho akapiga nyundo.

Munyoki alipouona msumari alikwenda kwa mwenyekiti na kumwomba kwa adabu uondolewe. Nzangi hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba msumari uliopondwa namna ile hautoki, na kwamba kuulazimisha ni kukipasua chuma ambacho ni mali ya watu wote. "Zoeza mkono," akamwambia.

Munyoki akazoeza mkono. Mwezi mzima wa Julai, kila alipopata upinde, alizoeza hata kifundo kikavimba. Mkewe, Kavutha, alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni. Siku moja, akiwa amekishika kile kifundo, alimwambia, "Baba Mwende, unanipa mkono nikande, lakini si mkono unaoumwa." Munyoki alijua anasema kweli, kwamba ugonjwa ulikuwa katika fimbo. Lakini alijua pia kwamba siku zilizobaki zilikuwa nne.

Jumamosi, tarehe 4 Agosti 1973, lilisimamishwa gunia lililojazwa nyasi, likachorwa duara kwa chokaa, hatua arobaini kutoka mahali pa kupigia. Nzangi alipiga mishale mitatu, yote mitatu ikaingia ndani ya duara, na watu wakashangilia. Waliofuata walijikaza. Wengi walipata mshale mmoja, tena kwa bahati. Zamu ya Munyoki ilipofika, uzito wa fimbo uliuvuta upinde, na mshale wa kwanza ukachimba ardhi. Wa pili ukachimba ardhi. Wa tatu ukaparuza ukingo wa gunia na kupita.

"Munyoki ameacha jembe, analima kwa mishale," akasema mtu mmoja, na vicheko vikaenea. Mtu yule alikuwa amepata mshale mmoja tu kati ya mitatu, na alipokuwa akicheka alikuwa akilisugua bega lake. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa Juni tisa kuichagua fimbo ya mabomba. Wala hakukumbuka.

Karani akaandika katika daftari sababu ya kumwondoa Munyoki: *Mkono mfupi.* Shamba la ukingoni likapewa mkwe wa Nzangi. Munyoki akapewa kipande cha mlimani, penye mawe, na Septemba ile alisimama huko juu na watoto wake, akamtazama mtu mwingine akichimba viazi ambavyo yeye Munyoki ndiye aliyevipanda. Hakuna aliyemletea hata kikapu kimoja.

Mwaka ukapita. Mwezi wa Mei 1974 Nzangi alianguka kutoka juu ya paa la ghala lake, akavunjika bega la kushoto, ambalo ndilo la kushikia upinde. Likaunga, lakini halikurudia nguvu zake. Na Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1974, lilisimamishwa gunia lile lile, hatua zile zile arobaini, na mwenyekiti akawa wa kwanza kupiga, kama ilivyokuwa desturi.

Mshale wa kwanza ukachimba ardhi. Wa pili ukachimba ardhi. Mtu mmoja akakohoa. Nzangi aliushusha upinde, akaitazama fimbo kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba fimbo imepata kasoro na haifai kupigia mpaka itazamwe.

Kilonzi akaitwa. Akaja na nyundo, patasi na koleo. Akaukata msumari kichwa, akaushika kwa koleo, akavuta. Ulitoka kabla mtu hajamaliza sigara moja, na chuma hakikupasuka. Nzangi akalisukuma bomba dogo ndani kwa urefu wa shibiri na vidole viwili, akaikaza skrubu, akaamuru mishale yake ihesabiwe upya, akapiga mitatu, akapata miwili. Watu wakashangilia. Walishangilia, enyi msikiao, kwa makofi yale yale. Na Nzangi akamwagiza mhunzi alete msumari mwingine.

Wakati huo Munyoki alikuwa amesimama nyuma kabisa, pamoja na wale wasio na zamu. Akapita katikati ya watu, akainama, akaokota ule msumari wa zamani uliokuwa vumbini. Akaugeuza mkononi, akauinua mbele ya macho ya mwenyekiti.

"Kumbe msumari hutoka," akasema.

Akaweka msumari mfukoni, akautwaa upinde, akailegeza skrubu, akalisukuma bomba dogo mpaka kwenye mkwaruzo wake, ambao kutu ilikuwa imeanza kuufuta, na mhunzi, bila kuagizwa na mtu, akalishikilia bomba na kuikaza skrubu. Munyoki akapiga mishale mitatu. Yote mitatu iliingia ndani ya duara, karibu karibu, mtu angeweza kuifunika kwa kiganja. Kisha akaulaza upinde chini polepole mbele ya miguu ya Nzangi, akatazama upande wa karani.

Karani alifunua daftari, akalifunga. Alisema kwamba habari ya mwaka 1973 ilikwisha kuamuliwa, na kwamba mkwe wa mwenyekiti amekwisha kupanda. Jioni ile fimbo ilipigwa msumari mpya kwa kipimo cha bega bovu la mtu mmoja, na walinzi wenye mikono mirefu wakaanza nao kukosa. Katika daftari, chini ya tarehe ile, umeandikwa mstari mmoja tu: *Fimbo imerudishwa kwenye urefu wake wa kawaida.* Jina la Munyoki halimo.

Habari za Nzangi hazihitaji kufafanuliwa. Watu wa namna yake mnawajua, na baadhi yenu mnawaamkia kila asubuhi. Wafikirieni wale kumi na tisa, walioleta mbaazi zao na kuinua mikono yao. Koleo lile lilining'inia katika ukuta wa Kilonzi, mlango ukiwa wazi, kwa muda wa miezi kumi na mitatu na siku moja. Ni nani aliyewakataza kuliomba?