Dele la Bi Raya

"Kilio cha mkorogaji, kahawa ya mlaji." Mmemsikia Mwalimu Asaa akiitamka pale harusini, mkacheka. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Tueni hivyo vijikombe kwanza, maana nikisema huku mnabugia halua nitakasirika bure. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mtaani kwetu halua ililiwa kwa maji ya mtungi, basi. Na aliyeijua kuipika ni Bi Raya, jirani wa bibi yangu. Halua si uji, wanangu. Wanga na sukari vikishaingia motoni, mwiko hauachwi mpaka samli ijitenge. Ukipumzika kidogo tu, inashika chini na kuungua. Bi Raya alikoroga mpaka viganja vikaota sugu.

Siku moja mumewe, Khatibu, akamwambia, "Mke wangu, mpwa wangu anaoa Ijumaa. Nikorogee halua ya kuniheshimisha."

Mpwa huyo Bi Raya alimlea mwenyewe. Basi alijitupa kazini! Akatia zafarani aliyokuwa akiifichia siku kubwa, akatia iliki na kungumanga, na Ijumaa yenyewe akakoroga toka asubuhi huku anaimba. Alasiri wanaume wakaja kubeba vikapu vya halua.

Bibi yangu akaingia uani. "Raya, una moyo wewe! Kumkorogea halua mke mwenzio!"

"Mke mwenzangu nani?"

"Yarabi! Hukuambiwa? Anayeoa leo ni Khatibu."

Bibi alikuwa akisema alitamani aumeze ulimi wake. Bi Raya alikaa pale pale kwenye majivu, akalia kama aliyefiwa. Alipomaliza, akateleka kahawa nyeusi, kali, bila chembe ya sukari. Akavaa buibui, akachukua dele la kahawa na vijikombe, akaenda harusini kuingia barazani kwa wanaume, mahali ambapo mwanamke hakanyagi.

Akammiminia Khatibu kwanza.

"Bwana, halua yangu umekula. Hii nayo ni yangu. Kunywa."

Khatibu akanywa, akakunja uso, akainamia mkeka.

Bi Raya akawamiminia wazee, mmoja baada ya mwingine. Ndoa ilikwishafungwa, hakuja kuivunja. Alitaka mtu mmoja tu aseme, "Khatibu, umemdhulumu mkeo." Mmoja tu!

Mkubwa wa baraza akapiga funda, akamega halua, akapiga funda jingine. Akatikisa kichwa. Bi Raya akasogea amsikie vizuri.

"Lo!" mzee akasema. "Kumbe vinachukuana! Hebu niongeze, mwanangu."

Na wengine wakanyoosha vijikombe. Angefanya nini? Akawaongeza. Dele lilipokwisha, akarudi kwake.

Toka hapo kila mwenye harusi alimwendea mbio: "Bi Raya, halua, na ile kahawa yako usiisahau." Khatibu naye alipooa wa tatu, aliagiza vyote viwili, na safari hii hata hakuficha. Hana haya yule!

Bibi akamkuta Bi Raya anachochea moto. "Raya, unamkorogea tena?"

"Niache nikoroge, shoga. Niliwamiminia kilio changu wakaomba kuongezwa. Kilio cha mkorogaji, kahawa ya mlaji."

Haya, okoteni vijikombe vyenu mnywe, inapoa. Kilio cha mkorogaji, kahawa ya mlaji. Mbona hamcheki tena?