Ndugu Wawili na Mechi ya Mchujo

Wapendwa, kabla sijaendelea, naomba wanaume wanyooshe mikono: nani hapa amewahi kulia kwa ajili ya mpira? Naona mikono mitatu. Wengine mnawaogopa wake zenu. Haya, shusheni, niwasimulie habari ya mwenzenu.

Alikuwapo bwana mmoja, mzaliwa wa mji wa mkonge. Mji ule ulikuwa na kiwanda cha magunia, na kiwanda kilikuwa na timu yake. Enzi hizo timu ilicheza ligi kuu, na siku ya mechi hawakubaki nyumbani ila wagonjwa, nao wagonjwa walituma watu wawaletee matokeo. Bwana huyu alikuwa akienda uwanjani na mdogo wake, yule aliyemfuata ziwa. Walikaa mzunguko, juani, wakatafuna miwa na kupiga madebe mpaka viganja vikavimba. Siku zile zilikuwa tamu, ndugu zangu, acheni tu.

Sasa, bwana yule alikuwa na moyo mwepesi. Penalti ikipigwa, hawezi kutazama. Anageuka, anaupa uwanja mgongo, na mdogo wake anatazama kwa niaba yake.

"Haya, niambie," mkubwa anauliza, macho ameyafumba.

"Kaweka, kaka." Hapo ndipo anageuka na kuanza kurukaruka kama mwehu. Au siku nyingine: "Kakosa, kaka. Twende zetu nyumbani." Ndivyo walivyoishi ujana wao wote. Raha na misiba ya timu ile, bwana huyu aliipokea kutoka mdomoni mwa mdogo wake.

Kiwanda kikafungwa. Timu ikashuka daraja, ikashuka tena. Mdogo akachoka kushabikia maiti, akahamia timu kubwa ya jijini. Jumapili moja akaenda kumjulia hali kaka yake, amevaa jezi yake mpya. Mkubwa akamzuia mlangoni.

"Jezi hiyo haivuki kizingiti changu."

"Kaka, hii ni nguo tu."

"Basi ivue, au urudi nayo ulikotoka."

Mdogo akarudi alikotoka. Mnacheka? Wale watu walikaa miaka mingi hawasemezani. Binti wa mkubwa aliolewa, baba yake mdogo hakuwepo. Mdogo alilazwa hospitali, kaka yake akapata habari kwa majirani, baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Yote hayo kwa sababu ya jezi.

Ikatokea vijana wa mji wakaifufua timu ile. Ikapanda kidogo kidogo mpaka ikafika mechi ya mchujo: atakayeshinda anarudi ligi kuu, atakayeshindwa anabaki kule chini. Bwana yule akaenda, peke yake. Uwanja ulikuwa umebadilika. Mahali walipokalia nyasi pamejengwa ngazi za saruji, na aliyeketi jirani yake hakuwa anajua jina hata moja la wachezaji wa zamani. Akawa anatazama mechi mbili kwa pamoja, ile ya mbele yake na ile ya moyoni. Kila mpira mzuri ulipopigwa aligeuka kushoto aseme neno, akakutana na sura ya mtu asiyemfahamu. Aliumia, jamani. Alijua kabisa kilichokosekana, na hakikuwa kiwanda.

Dakika zikaisha, sare. Wakaingia kwenye penalti, nazo zikaenda sawa kwa sawa, mpaka ikabaki moja ya timu yake. Ikiingia, wamepanda. Miguu ya bwana yule ikamgeuza yenyewe. Akaupa uwanja mgongo, lakini safari hii hakufumba macho, kwa maana hakuwa na mtu wa kumwambia. Akawa anasoma nyuso za watu waliokaa nyuma yake.

Ndipo akamwona mdogo wake.

Alikuwa ngazi chache juu, mvi zimemjaa, amevaa jezi ya kiwanda, ile ya zamani, imembana tumboni. Wakatazamana. Kisha mdogo akapeleka macho uwanjani, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Filimbi ikalia. Mpira ukapigwa. Mdogo akarudisha macho kwa kaka yake, na midomo ikatamka bila sauti: "Kaweka, kaka."

Watu wakalipuka kwa shangwe.

Nawauliza, wewe ungefanya nini hapo? Bwana yule alisimama analia, akajisemea moyoni: ameniona, atashuka. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo ndiye anayemwendea mkubwa, tumelelewa hivyo. Akangoja. Mashabiki wakamiminika kuingia uwanjani, wakapita katikati yao wakiimba. Walipopungua, ngazi zile zilikuwa tupu.

Nyumbani mkewe alikuwa amesikia matokeo redioni, ameshamwandalia chai.

"Baba Mbonea, tumepanda. Mbona umenuna?"

"Nimemwona shemeji yako."

"Amesemaje?"

"Nilimngoja aje. Hakuja."

Mkewe akaweka birika chini. "Mtu ulimfukuza mlangoni mwako, leo unangoja aje mwenyewe? Alikuwa anangoja umwite, Baba Mbonea. Waliosema mkubwa ni jalala hawakukosea. Wewe unautaka ukubwa wa kuamkiwa tu."

Naona mnaniuliza kwa macho: je, alikwenda kwa mdogo wake? Mimi nawauliza ninyi: je, mmekwenda?

Maana sisi hapa ni mabingwa wa kukumbuka. Tukikaa kwenye kahawa au kwenye jumuiya, tunasema, zamani tulikula sinia moja, zamani tulilimiana mashamba, zamani mtoto wa mwenzio ni wako. Tunasema na machozi yanatulengalenga. Lakini yule uliyekula naye sinia moja hajafa. Yuko hai, na wengine wako humu humu ndani, wamechagua upande wa dirishani kwa kuwa wewe unakaa upande wa mimbari. Bwana wetu alipotuagiza kupatana hakuuliza nani mkubwa, wala nani aliyeanza. Alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka yako, nenda. Na wewe umekumbuka sasa hivi, nimekuona ulivyoinamisha kichwa.

Kwaya, naomba mkae kwanza. Wazee wa kanisa, vikapu vya sadaka virudisheni mezani, Mungu hana haraka navyo. Asubuhi hii kuna watu wamepishana pale mlangoni bila hata salamu, na ninawafahamu.

Usigeuze shingo kuangalia kama mwenzako anakuja. Nyanyuka wewe.