Kamba Mbili za Darasa la Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walipokuwa na shule na kengele, Nguchiro alifundisha hesabu darasa la saba. Hakuufikia ubao bila kupanda kigoda, lakini kwa ubishi hakuna aliyemweza.

Mwalimu mkuu alikuwa Nyati. Yeye alitaka kanuni ziimbwe kutwa nzima: eneo ni urefu mara upana, eneo ni urefu mara upana. Aliyeuliza kwa nini alipigishwa magoti. Aliposikia kwamba Nguchiro huwapa wanafunzi maswali na kuwaacha wahangaike wenyewe, alikuja juu, kwata kwata mpaka mlangoni, akamwambia afungashe virago Ijumaa.

Nguchiro aliumia, maana darasa lile alilipenda. Lakini hakulia. Aliomba zikatwe kamba mbili, kila moja hatua ishirini na nne. Nyati azungushie bustani ya pembe nne, na darasa la saba vivyo hivyo. Bustani itakayotandikwa mikeka mingi zaidi ndiyo mshindi. Darasa likishindwa, ataondoka bila neno.

"Mkubwa kama wewe atataka bustani ndefu," akaongeza kwa upole.

"Ndefu kuliko zote," akasema Nyati. Akaivuta kamba yake papo hapo: urefu hatua kumi na moja, upana hatua moja.

Siku mbili darasa la saba walipanga vijiti, wakakosea, wakagombana. Mwanafunzi mmoja, Pimbi, akamsihi mwalimu wake: "Tuambie tu jibu. Ukiondoka tutabaki na nani?"

Nguchiro akamrudishia vijiti. "Nikiwaambia, nitakuwa nimeshaondoka. Jaribuni tena."

Wakajaribu. Walipunguza urefu, wakaongeza upana, na kila mara nafasi ikazidi, mpaka pande zote zikalingana, sita kwa sita.

Ijumaa mikeka ikatandikwa, pa, pa, pa, kila mmoja hatua moja kila upande. Kwa Nyati iliingia kumi na mmoja. Kwa darasa la saba, thelathini na sita.

Nyati alihesabu mara tatu. Aliimba kanuni yake kwa sauti ndogo, nayo ikampa majibu yale yale.

"Kamba ni sawa," akasema. "Kwa nini?"

Darasa zima likamtazama magoti. Kila mmoja aliijua sheria, hata Nyati. Akapiga magoti, puu, juu ya mikeka, na Nguchiro akamkabidhi vijiti.

Basi shikeni hili, wanangu: kanuni haimfai anayeogopa kuuliza kwa nini.