Zamu ya Ganda na Kiini

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, kama watu waliokwisha kujifunika blanketi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wakati hata wadudu walikuwa na adabu kuliko sasa, kulikuwa na mzinga wa gogo juu ya mti wa mringaringa. Huko ni milimani, ambako kipupwe kikija sakitu, ule umande ulioganda, hulala juu ya majani na kuyaunguza kama moto.

Ndani walikaa nyuki. Wengi! Wote ndugu, mama mmoja. Msidhani malkia alitawala. Alitaga mayai, basi. Hayo ya kutawala tumemzulia sisi watu, maana hatuwezi kuona kundi tusiulize mkubwa ni nani.

Kabla ya baridi nyuki walikuwa na kazi zao. Waliziba nyufa kwa gundi ya miti. Waliweka asali juu, karibu na vichwa vyao. Kisha waliwatoa madume nje, kwa sababu dume wa nyuki hatafuti chakula, hana mwiba, na hula sehemu ya watatu.

Na baridi ilipofika, walijikusanya donge moja. Wa ndani ndio kiini, wa nje ndio ganda. Wote walitetemesha miili, nguuu, nguuu, mpaka joto likatoka. Wa nje akichoka aliita, "Zamu!" Wa ndani akajibu, "Pita!" Akaingia huyu, akatoka yule. Hakuna aliyezaliwa ganda. Hakuna aliyezaliwa kiini.

Mwaka huo Sekela, mlinzi wa mlango, alimkamata dume wa mwisho, jina lake Lusajo. Akamburuta kwa ubawa. Kwara, kwara, kwara.

"Niache, dada! Mimi si dume wa kawaida. Mimi naijua baridi!"

"Umeijulia wapi? Wewe hutoki mpaka jua liwe la utosi."

Atupele, mhudumu wa malkia, akaja kutazama. Lusajo akamgeukia, sauti ikalainika.

"Dada Atupele, wewe unamlisha mama yetu kwa mdomo wako. Mwenye kazi kubwa kama hiyo naye atoke nje kwa zamu, kama mlinda mlango? Mama akiamka akakukosa, itakuwaje?"

Atupele akajitazama. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, msingoje pengine.

"Mwache abaki," akasema. "Atatushauri."

"Mdogo wangu," Sekela akasema, "huyu analishauri tumbo lake."

Lakini akamwachia.

Sakitu ikashuka. Donge likafungwa. Kwenye kiini wakawa malkia, Atupele, wahudumu wenzake, na Lusajo katikati kabisa, ametanua mbawa.

Siku ya kwanza Sekela akaita kutoka kwenye ganda, "Zamu!"

"Subiri, dada. Mama amelala."

Nguuu, nguuu. Nyuki wa nje wakaanza kuachia na kuanguka, mmoja mmoja. Ti! Ti! Ti!

Siku ya pili, "Zamu!"

"Subiri, dada. Tuko kwenye ushauri."

Ti! Ti! Ti!

Siku ya tatu sauti ilikuwa ndogo, kama ya mgonjwa anayeomba maji.

"Atupele. Mimi ndiye niliyekulisha ulipokuwa buu. Zamu, mdogo wangu."

Atupele alisikia. Msiseme hakusikia. Akamtazama Lusajo. Lusajo akatikisa kichwa.

"Subiri," akasema, taratibu sana.

Ti!

Mara moja tu.

Basi Atupele akahisi baridi mgongoni. Akageuka. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Ganda sasa lilikuwa yeye.

"Zamu!" akaita. "Dada Sekela! Zamu!"

Asali ilikuwa juu yao, vidole vinne tu. Lakini wachache hawatoi joto la kutosha, na mguu uliokufa ganzi haupandi.

"Chakula?" akauliza Lusajo. "Nani ananilisha leo?"

Mama yao alikufa wa mwisho, bila kutawala chochote.

Jua liliporudi, Nyegere akapanda mti. Huyo ngozi yake nene, miiba ameizoea. Akaupasua mzinga, pwaa! Akafumba macho, akangoja kuumwa.

Akangoja.

Akafumbua jicho moja. Asali tele. Chini nyuki wamelala, kama makapi ya ulezi.

"Hodi!" akasema Nyegere, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupiga hodi. "Wenyewe mko wapi?"

Akalamba kidogo, akashuka. Alipoulizwa alisema asali ile ilikuwa chungu. Mimi nasema ilikuwa tamu, koo ndilo lililokataa.

Funzo, kwa wale wanaopenda kuambiwa: aliye ndani anapata joto kwa sababu ya aliye nje. Ukimwacha aanguke, ganda ni wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, lakini baridi ya nje haijaisha. Wewe uliyelikumbatia jiko tangu nilipoanza, inuka. Mpishe aliye mlangoni.