Kiboko Aliyeumia Milele

— Mliokuja, mmekaa?
— Tumekaa!
— Masikio mmeyaleta?
— Haya hapa!
— Nikiwaletea kisa?
— Kilete tukipime!
— Na nikitia chumvi?
— Tutakudai shahidi!

Ahsanteni. Msimulizi anayedaiwa shahidi amepewa heshima kubwa, nami nawashukuru kabla sijasema neno la kwanza.

Hapo kale wanyama walicheza mpira wa kulipwa. Najua mtaniuliza walilipwa nini. Walilipwa chakula cha wiki nzima, kila Ijumaa: mla nyasi nyasi zake, mla mchwa mchwa wake. Aliyecheza alikula. Asiyecheza alijitafutia mwenyewe, na kwa mnyama aliyezoea kulipwa, kujitafutia ni kazi ngumu.

Katika timu ya Vichakani alikuwepo winga mmoja, jina lake Sange. Sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Katika timu ya Bwawani alikuwepo Kiboko, nahodha, mfungaji, na mwenye sauti kubwa kuliko kipenga cha refa. Kiboko alitaka kila kitu. Alitaka kila pasi, alitaka kila kona, alitaka kila kombe, na mwenzake akifunga bao alitaka liandikwe jina lake.

Kitu kimoja kilimkera Kiboko. Kila timu hizo zilipokutana, Sange alipita na mpira chini ya tumbo lake. Chaka-chaka-chaka! Huyo kapita. Chaka-chaka-chaka! Huyo karudi. Mashabiki wa Vichakani wakaimba, "Mlango uko wazi! Mlango uko wazi!"

Katika mchezo wa mwisho wa ligi, Sange akapita tena, akiutoa mpira mbele ya goli la Vichakani. Chaka-chaka-chaka! Je, alimgusa Kiboko? Hapa inabidi tuwe waangalifu. Umbali kati ya mgongo wa Sange na tumbo la Kiboko haukupimwa na mtu yeyote. Lakini mashahidi watatu, ambao hawapendani na hawakupata nafasi ya kushauriana, wanakubaliana juu ya mpangilio wa matukio: Sange alipita, Kiboko akapiga hatua mbili mbele, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona refa alipo, ndipo akaanguka.

Puu!

"Mguu wangu! Mguu! Mama yangu, ameniua huyu!"

Pwiiii! Refa Pundamilia akapuliza kipenga. Kadi nyekundu kwa Sange, penalti kwa Bwawani. Tembo wawili wakaleta machela. Kiboko akapakiwa akilia. Kisha akashuka kwenye machela, akapiga penalti mwenyewe, akafunga, akarudi kwenye machela, akaendelea kulia palepale alipokuwa ameachia.

— Mnaamini?
— Tunaamini! Tumewaona wa namna hiyo!

Basi shauri likapelekwa kwenye Kamati ya Nidhamu. Mwenyekiti alikuwa Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja ili asionekane kuegemea upande wowote. Karani alikuwa Kobe, aliyeandika polepole na hakuruka neno.

Kanuni ya Kamati kuhusu majeruhi ilikuwa fupi. Aliyemwumiza mwenzake atafungiwa asicheze kwa muda uleule ambao aliyeumia atakaa nje. Siku kwa siku, wiki kwa wiki. Kanuni haikudai cheti cha daktari. Ilidai kiapo tu. Hilo lilikuwa pengo, nami nakiri hivyo.

Usiku wa kuamkia shauri, Bi Kanga, golikipa wa Vichakani, alimwendea Sange.

"Mdogo wangu, kesho waambie alishuka kwenye machela akapiga penalti."

"Atasema alipiga kwa uchungu kwa ajili ya timu yake, dada. Mashabiki wake watatoa machozi, na mimi nitaonekana sina utu."

"Waambie basi hukumgusa."

"Ni neno langu dhidi ya neno lake. Neno lake lina tani mbili."

"Sasa utasema nini?"

"Nitashukuru," akasema Sange.

Kanga akakung'uta mabawa. "Umerogwa wewe," akasema, akaenda zake.

Kulipokucha, Kiboko akaingia akichechemea. Kwanza alichechemea mguu wa kulia. Alipofika katikati alichechemea wa kushoto. Akala kiapo, akakaa, ardhi ikatetemeka.

"Mlalamikaji," akasema Korongo, "uliumia wapi?"

"Kifundo cha mguu, Mheshimiwa."

"Utakaa nje kwa muda gani?"

Kiboko akapiga hesabu. Fainali ya Kombe ilikuwa baada ya siku kumi na nne, baina ya timu hizohizo mbili. "Wiki mbili na siku moja, Mheshimiwa."

Sange akainuka, pua ikicheza. "Mheshimiwa, namshukuru Mzee Kiboko kwa uwazi wake. Naomba kumuuliza swali moja. Mzee, ni kifundo tu? Kwa namna ulivyolia, mimi niliogopa ni goti."

Kiboko akafikiri. Kifundo, wiki mbili. Goti, miezi mitatu. Miezi mitatu bila kale kadudu chini ya tumbo!

"Ni goti," akasema. "Nilisahau."

"Andika goti, karani," akasema Korongo.

"Nashukuru, Mzee. Ni goti tu? Maana niliona umeshika kiuno."

Kiboko akafikiri. Kiuno ni mwaka mzima.

"Ni kiuno! Na kiuno kimesagika!"

"Andika kiuno."

"Nashukuru sana, Mzee. Na ni kiuno tu? Mimi ningependa haki itendeke kikamilifu. Isije ikaonekana nimekupunja."

Korongo akashusha mguu wake wa pili. "Ndugu Sange, unajitetea au unajichimbia?"

"Namsaidia mlalamikaji aseme ukweli wote, Mheshimiwa. Aliyeumia hapaswi kubanwa."

Huku nyuma Bi Kanga alijifunika uso kwa mabawa yote mawili.

Kiboko alikuwa amevimba kwa furaha. Akasimama kwa miguu yote minne, imara kama meza, akanguruma, "Ni uti wa mgongo! Umevunjika! Sitacheza tena mpira maisha yangu yote! Milele!"

"Milele?" akauliza Korongo.

"Milele na siku moja!"

"Nashukuru," akasema Sange, akainama. "Mheshimiwa, naomba karani amsomee, athibitishe."

Kobe akasoma, neno baada ya neno. Kiboko akathibitisha. Akatia alama ya unyayo wake chini ya ukurasa, na wino ukaisha.

Hukumu ikatoka siku ileile. Sange amefungiwa milele.

Hapa kuna swali ambalo msikilizaji makini ataliuliza. Kiboko hakuwa mjinga, alikuwa nahodha wa misimu tisa. Iweje asione kwamba amejifungia nje yeye mwenyewe? Nimelipima swali hilo, na jibu ninaloliona kuwa na uzito ni hili. Uwanjani, maumivu ya mchezaji hudumu mpaka kipenga kilie. Refa akishaamua, mchezaji hujikung'uta vumbi, huinuka, hukimbia. Kiboko alikuwa amepona namna hiyo mara mia mbili. Akadhani maumivu ya mbele ya Kamati nayo yatapona hukumu ikitoka. Hakujua kwamba mchezaji huinuka, lakini kilichoandikwa hubaki kimelala pale kilipoandikwa.

Je, Sange alikuwa na hakika? Hapana. Kiboko angeamua kukaa nyumbani, kufungiwa kwa Sange kungeendelea, wala pasingekuwa na rufaa. Sange aliweka kazi yake yote juu ya jambo moja tu, kwamba Kiboko asingeweza kuliona kombe likapita bila kulishika.

Siku kumi na nne Sange alikaa nje ya uzio. Alisikia mpira ukipigwa, pu! pu! pu!, na miguu yake ikatikisika yenyewe. Ijumaa ya kwanza hakupata mchwa. Ijumaa ya pili hakupata mchwa. Bi Kanga alimpitishia mchwa kidogo chini ya uzio kutoka kwenye posho yake, akimgombeza bila kukoma.

"Kula! Mwerevu mzima umejifunga mwenyewe! Kula, nimesema!"

"Nashukuru, dada."

"Usinishukuru! Shukrani zako ndizo zilizotufikisha hapa!"

Lakini shukrani ile haikuwa ya hila. Sange mwenyewe alisema baadaye kwamba ni mchwa watamu kuliko wote aliowahi kula, na katika hilo sina sababu ya kumtilia shaka.

Siku ya fainali ikafika. Uwanja ulijaa mpaka nyani wakakaa juu ya nyani. Mara, ndi! ndi! ndi! Kiboko huyo anakuja mbio, kavaa jezi namba tisa, kang'arisha ngozi kwa tope jipya.

Langoni alimkuta Sange. Kando ya Sange alisimama Kobe na daftari lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pisha njia!"

"Pole kwa mgongo."

"Mgongo gani?"

"Uliovunjika. Ukurasa wa saba."

Kiboko akacheka, hewa ikamtoka puani kwa kishindo. "Aa, hilo! Mbona nimeshapona! Tazama!" Akaruka juu. Akatua. Ndi! Akaruka tena. Ndi! Tembo wawili wa machela wakapeana macho.

"Karani, umesikia?" akauliza Sange.

"Nimeandika," akasema Kobe.

Korongo akaitwa. Akaja, akasimama kwa mguu mmoja, akasomewa.

"Mzee Kiboko," akasema, "una njia mbili. Ukisema bado umevunjika, rudi nyumbani ukajiuguze, maana uliapa hutacheza milele. Ukisema umepona, basi muda wako wa kukaa nje umekwisha, na wa Sange umekwisha pamoja nao."

Mashabiki wa Bwawani wakaanza kuimba jina lake. Kiboko akaliona kombe mezani, liking'aa.

"Nimepona!" akanguruma. "Acha hako kadudu kacheze, nitakakanyaga! Fungueni!"

"Sange yuko huru," akasema Korongo. Lakini hakusogea langoni. "Limebaki jambo moja. Uti wa mgongo uliovunjika milele hauponi kwa siku kumi na nne. Kwa hiyo haukuvunjika. Kwa hiyo kiapo kilikuwa cha uongo. Na kanuni inasema anayeapa uongo hubeba adhabu ileile aliyomtakia mwenzake."

Mashabiki wa Bwawani wakakatisha wimbo katikati.

"Nilimtakia nini?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Milele," akasoma Kobe. "Na siku moja."

Kiboko akaketi chini. Safari hii hakutazama refa alipo. Machozi yakamtoka, na mashahidi wote wanakubaliana kwamba yalikuwa ya kweli.

Hapo ndipo Sange akafanya jambo ambalo Bi Kanga hajamsamehe mpaka leo. Akainua mkono.

"Mheshimiwa, naomba adhabu ipunguzwe."

"Kwa sababu gani? Alikutakia milele."

"Mimi nimeikaa milele siku kumi na nne, Mheshimiwa. Naijua. Unausikia mpira na huuoni. Simtakii mtu, hata huyu. Mpe msimu mmoja."

Korongo akatazama mbingu, akatazama daftari. Kanuni ilimruhusu kupunguza iwapo aliyedhulumiwa mwenyewe ataomba. Kifungu hicho hakikuwahi kutumika, kwa maana hakuna aliyewahi kuomba.

"Msimu mmoja," akasema. "Andika, karani."

Kiboko akamtazama yule mdogo. Midomo yake mikubwa ikahangaika, kama ya mtu anayejaribu chakula kigeni. Mwishowe akasema, "Nashukuru." Ilikuwa mara yake ya kwanza, na neno alilitamka vibaya.

Pwiiii! Fainali ikaanza.

Mtataka kujua nani alishinda. Bwawani ndio walioshinda, mabao matatu kwa moja. Wachezaji wenzake Kiboko, ambao kwa misimu tisa walikuwa wakimpa kila pasi na kila kona, walikuwa wazuri sana. Hakuna aliyewahi kugundua, kwa sababu hawakuwahi kuachiwa mpira. Kiboko alilitazama kombe likiinuliwa bila yeye, akiwa amekaa nyuma ya uzio, mahali palepale palipochimbika kidogo kwa makalio madogo ya Sange.

Na lile bao moja la Vichakani? Chaka-chaka-chaka! Sange huyo.

"Tumefungwa!" Bi Kanga alilia baada ya mchezo. "Tumefungwa matatu, nawe unacheka!"

"Nimecheza, dada," akasema Sange, akihema, pua imejaa vumbi. "Nimecheza. Nashukuru. Na leo ni Ijumaa."

Basi, wasikilizaji wangu, kila kisa sharti kiache funzo, na la kisa hiki, baada ya kupima ushahidi wa pande zote, ni hili. Uongo mdogo ni hatari, kwa hiyo mtu akidanganya asijibane. Angalieni: laiti Kiboko angeridhika na kifundo cha mguu, angekosa mchezo mmoja tu, Sange angeadhibiwa bure, Kamati isingegundua kitu, na wachezaji wa Bwawani wangekuwa hadi leo wanampelekea mpira. Haki yote iliyotendeka siku ile ilitokana na uongo wa mlalamikaji. Tuwashukuru basi wanaojiangusha. Bila wao makorongo hawana kazi, makobe hawana cha kuandika, nami nisingekuwa na la kuwaambia. Atakayeona hoja yangu ina kasoro, na aikatie rufaa.

— Kisa nimekiweka chini.
— Tumekiona!
— Nani atakiokota?
— Mwenye shahidi!
— Na asiye na shahidi?
— Ashukuru, akalale!