Shingo ya Bi Kazija na Mkeka wa Mize

Ukimwiga msusi, mwige hata kufumua.

Haya, Khatibu, usininunie mimi. Maneno hayo umeambiwa na kocha wako, tena mbele ya wenzako. Umenyoa kama yule mchezaji wako, umenunua viatu vya rangi kama vyake, unashangilia bao kama yeye kabla hata hujalifunga, na bado unakaa benchi. Dada zako wamecheka, na mimi bibi yako nimecheka pia. Lakini umeuliza methali hiyo imetoka wapi, na hilo ni swali la mtu mwenye akili. Weka simu chini, nikupe mwanzo wake. Ilizaliwa kijijini kwetu Pemba, na aliyeisababisha ni shangazi yangu Mize, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Kwetu wanawake wote walisuka mikeka. Ukindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, kisha chane zake husukwa ukili, yaani utepe mrefu unaokunjwa kama kamba. Mwisho tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu, mkeka ukapatikana. Kazi hiyo kila mtu aliijua. Lakini harusi ikitokea, watu walikwenda kwa Bi Kazija. Desturi yetu bibi harusi hutolewa nje akakalishwa juu ya mkeka mpya, na wanawake wote wakaja kumtazama, na wakimaliza kumtazama yeye wanautazama mkeka.

Shangazi Mize alipakana naye. Kati yao palikuwa na uzio wa makuti tu, na makuti hayazuii sauti. Mtu akija kwa Bi Kazija akasema, "Mashaallah, mikono yako hii!" sifa zilipenya zikamkuta Mize jikoni kwake, na siku hiyo mchuzi uliungua. Alimwonea gere mwenziwe na wala hakuficha. Alikuwa akisema kisimani, "Rangi tu ile. Nikiipata rangi ile, mtaniona."

Akaipata. Akanunua na ukindu kwa mchuuzi yuleyule. Mkeka ukatoka na rangi nzuri, lakini bado ulikuwa mkeka wa Mize. Basi akasema siri iko kwenye namna ya kukaa. Bi Kazija alisukia barazani, mguu mmoja ameunyoosha, shingo ameilaza upande wa kushoto. Mize naye akahamia barazani kwake, akanyoosha mguu, akalaza shingo kushoto. Wapita njia wakamuuliza, "Mize, umelalia vibaya?" Akazidi kuilaza. Jioni binti yake, Salha, alikuwa na kazi ya kumkanda shingo kwa mafuta ya nazi.

Sitaki mfikiri aliiga bure. Kumfuata aliyekupita si kosa, na Mize alijifunza mengi kwa kutazama: kuchanganya rangi, kwenda haraka, kukaza mkono. Lakini mikeka yake ilikuwa na ila moja isiyosikia dawa. Ikikaa kidogo tu, pembe inainuka. Ukiikanyaga inalala, ukiondoa mguu inainuka tena. Mize aliweka kinu juu ya pembe, akasema ni upepo wa uani.

Ikafika Salha akaposwa, posa ikakubaliwa, na siku ya harusi ikatajwa. Jioni moja, akimkanda mama yake, akapata ujasiri.

"Mama, huu mkeka wa harusi, tumwambie Bi Kazija?"

Mize aligeuka polepole, maana shingo haikumruhusu kugeuka upesi. "Mkeka wa mwanangu akausuke Kazija? Mimi nimekufa?"

"Hujafa, mama. Lakini mikeka yako inainuka pembe. Wakwe zangu watakuwepo wote. Watu watanitazama mimi au watatazama pembe?"

"Utakalia mkeka wa mama yako, la sivyo utakalia sakafu!"

Salha akalia. Mize naye alilia, ila alikwenda kulilia nyuma ya nyumba. Jirani akisifiwa na majirani, inauma. Akisifiwa na mtoto uliyemzaa mwenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa. Tangu siku hiyo Mize alitaka kitu kimoja tu duniani, Salha akae juu ya mkeka wake na asione haya.

Akasuka kwa hasira, mchana kutwa. Na hasira ikamletea shaka. Kwa nini asubuhi Bi Kazija hafungui mlango wa uani? Kwa nini barazani haonekani mpaka jua lipande? Lazima ana dawa. Lazima kuna kitu anakipaka ukindu, au kuna maneno anayasoma. Asubuhi moja aliukuta mlango ule haukukazwa. Akausukuma, akaingia bila hodi.

Nyinyi mmekulia mjini, hamjui uzito wake. Kwetu asiyepiga hodi ni mwizi au mchawi. Mize alijua, na aliingia hivyohivyo.

Alimkuta Bi Kazija amekaa chini, amezungukwa na fungu la ukindu uliojikunjakunja. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka kama kawaida, ila ilikuwa inakwenda kinyume. Ukili mrefu, mzuri, wa rangi ya zambarau na kijani, alikuwa anaufumua. Furaha ikampanda Mize mpaka utosini. Leo amemshika. Kumbe naye huharibu!

"Bi Kazija, umekushinda?"

Bi Kazija aliinua macho. Hakuuliza hodi iko wapi. "Chane moja imeruka," akasema.

Mize akauchukua ule ukili, akautazama huku na huku. "Mbona siioni?"

"Iko huko nyuma. Hapo ulipo sasa, shuka kidogo. Hapo."

"Hii? Hii nani ataichungulia?"

"Hakuna atakayeichungulia. Lakini mkeka unaijua. Ukikauka, pale paliporuka patavuta upande mmoja, na pembe itainuka." Akachukua ukili wake, akaendelea kufumua. "Au wewe ulidhani pembe zako zinainuliwa na upepo?"

Mize akatazama lile fungu. Lilikuwa kubwa, na lilikuwa la siku nyingi, maana ukindu wa chini ulishapauka.

"Siku zote unafumua hivi?"

"Asubuhi nafumua ya jana. Mchana nasuka."

"Na mbona hatujakuona hata siku moja?"

"Mtanionaje? Kusuka nasukia barazani. Kufumua nafumulia uani, nani anafumua mbele za watu?" Kisha Bi Kazija akacheka kidogo, akajishika shingo. "Mize, mdogo wangu, mimi nilianguka mkwajuni nikiwa mtoto, ndiyo maana shingo yangu imelala. Nakuona kila siku umeilaza na yako. Umeniiga mpaka kilema changu. Basi ukimwiga msusi, mwige hata kufumua."

Mize alirudi kwake bila kuaga, kama alivyoingia bila hodi. Mkeka wa Salha ulikuwa uani, umebaki kushonwa ukingo tu. Akaukanyaga pembe, ikalala. Akaondoa mguu, ikainuka. Akapiga magoti akafuata ukili kwa kidole mpaka akaipata chane iliyoruka. Na haikuwa ngeni. Siku aliyoisuka aliiona, akasema nani ataichungulia, akapita. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote aliyoambiwa.

Akachukua kisu akakata nyuzi za mshono. Salha akatoka jikoni mbio.

"Mama! Harusi imeshafika, unafanya nini?"

"Niache! Yule mwanamke hatanishinda hata kwa kufumua!"

Mnaona? Wapo wanaosimulia kisa hiki wakasema Mize alitubu pale pale, roho ikatakata. Si kweli. Kijicho chake kilibaki, ila kilihama mahali. Zamani aliionea gere mikeka ya Bi Kazija. Sasa alilionea gere lile fungu la ukindu uliofumuliwa, akataka lake liwe kubwa zaidi. Alisuka akafumua, akasuka akafumua, na shingo aliiacha ikae inavyotaka. Salha akawa anapika yeye, huku roho iko juu.

Siku ikafika. Salha akatolewa na mkeka ukatandikwa, na wanawake wakatazamana. Ulikuwa mdogo. Ukindu mwingine ulikuwa umeharibika kwa kufumuliwa, na siku zilikwisha, kwa hiyo ulimtosha bibi harusi peke yake. Mize alisimama ukutani, amejiziba mdomo kwa kanga. Bi Kazija akajongea mbele. Watu wakapisha. Akachutama, akabonyeza pembe kwa kiganja, akaachia. Pembe haikuinuka. Akaenda pembe ya pili, na zilizobaki, zote zikalala.

Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo. Kwa kufumua sana, Mize alikuwa amegundua namna ya kuirudisha chane ndani hata mshono usionekane. Bi Kazija akaupitia tena, akarudi alipoanzia. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mize alikijua vizuri, kwa kuwa alikaa nacho miaka.

"Mize," akasema, "ukingo huu umeupindaje?"

Shangazi yangu alikuwa amelingoja swali hilo maisha yake yote. Akajitanda kanga vizuri, akasema, "Njoo asubuhi uani kwangu, utaona. Lakini upige hodi."

Wanawake walivunjika mbavu. Hata Salha, aliyekatazwa kucheka siku hiyo, alicheka akiwa juu ya mkeka wa mama yake.

Unauliza kama Bi Kazija alikwenda? Alikwenda, na alipiga hodi mpaka akaitikiwa. Mkeka aliousuka baada ya hapo sitakuambia ulikuwaje, shangazi yangu asije akanisikia kaburini.

Sasa na wewe, Khatibu. Huyo mchezaji wako unamwona barazani tu, na wewe umechukua nywele na viatu. Niambie mimi, usiwaambie dada zako: chane yako imeruka wapi?

"Mguu wa kushoto, bibi. Huwa nauficha."

Kumbe unajua. Basi kesho mazoezini usiuguse mpira kwa ule wa kulia. Ukimwiga msusi, mwige hata kufumua.